Jina la Washington lilianzia wapi: kwa rais, kwa kijiji au kwa ukoo?

Baba Achieng, Changamwe

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Nina swali ambalo limenisumbua kwa muda wa wiki mbili, na naamini humu hamkosi watu walioisoma historia ya Uingereza kwa undani kuliko mimi, niliyeisoma darasani kwa ajili ya mtihani tu.

Marehemu baba yangu alibatizwa Washington. Kwetu upande wa Nyanza jina hilo si geni; wazee kadhaa wa rika lake waliitwa hivyo, nasi tulikua tukiamini kwamba ni jina la rais wa kwanza wa Marekani na basi. Binti yangu alipoombewa pasipoti, karani alilichukua jina la babu yake, lililokuwa mwishoni kwenye cheti cha kuzaliwa, akaliandika mahali pa jina la ukoo. Tulilalamika, tukaambiwa turudi na hati ya kiapo, na kwa kuwa siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imekaribia, tukaliacha lilivyo. Basi sasa binti yuko masomoni Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na huko anajulikana kwa jina la Bi. Washington.

Wiki mbili zilizopita alinitumia picha ya basi lililosimama kituoni. Juu ya kioo cha mbele, penye jina la mwisho wa safari, pameandikwa Washington. Nilicheka, nikamwuliza kama basi hilo lina mabawa. Akanijibu kwamba Washington ni mji wa jirani, safari ya muda mfupi tu kutoka anapokaa, na kwamba mhadhiri wake alimwuliza, nusu kwa utani, kama ukoo wao unatokea pale.

Ninaomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, je, mji huo uliitwa hivyo kwa heshima ya rais, au rais ndiye aliyepata jina lake kutoka huko? Pili, neno lenyewe lina maana gani? Kaka yangu anashikilia kwamba linatokana na neno la Kiingereza la kuosha, na kwamba palikuwa na madobi. Tatu, je, watu wote wanaoitwa Washington ni wa ukoo mmoja? Natanguliza shukrani.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, Baba Achieng. Nianze na hoja ya kaka yako, kwa sababu ndiyo nyepesi kuiondoa. Washington haihusiani na kuosha wala na madobi. Mzizi wake uko katika Kiingereza cha kale, lugha iliyosemwa kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, na neno limejengwa kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni jina la mtu, Hwassa au Wassa, ambaye hakuacha duniani kitu kingine chochote kinachojulikana zaidi ya jina hilo. Kipande cha pili, *ing*, kinaonyesha uhusiano, yaani watu wake au kilicho chake. Cha tatu ni *tun*, ambacho mwanzoni kilikuwa ua au uzio, kisha kikawa shamba lililozungukwa na uzio huo, kisha kijiji, na mwishowe mji. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya safari ya namna hiyo, maana neno letu *boma* nalo limetoka kwenye ua wa miti na miiba mpaka likawa ofisi za serikali ya wilaya. Kwa hiyo Washington, ukiifasiri kwa uaminifu, ni boma la watu wa Wassa. Sauti ya *sh*, ambayo ndiyo iliyompoteza kaka yako, iliingia baadaye. Katika hati za zama za kati utakuta Wassyngton, Wessyngton na Wessington, kila mwandishi kwa sikio lake.

Sasa swali la kwanza. Kijiji ndicho kilichotangulia, tena kwa karne nyingi. Eneo lote kati ya mto Tyne na mto Tees lilikuwa chini ya Askofu wa Durham, ambaye alikuwa na mahakama zake na mamlaka ya kutoza kodi, karibu mfalme mdogo. Ndiyo maana ile hesabu kubwa ya ardhi iliyofanywa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086 haikuingia huko. Askofu Hugh du Puiset alifanya hesabu yake mwenyewe mwaka 1183, na daftari lake, ambalo watu wamezoea kuliita Boldon Book, lina mstari mmoja ambao kila nikiusoma nasimama. Linasema kwamba William wa Hertburn anashikilia Washington, isipokuwa kanisa na ardhi ya kanisa, badala ya Hertburn aliyoiachia. Kwamba analipa pauni 4. Na kwamba huenda kwenye mawindo makubwa ya askofu akiwa na mbwa wanne wa mbio.

Hebu uangalie vizuri kilichoandikwa hapo. Mtu amebadilishana ardhi na bwana wake. Ameacha Hertburn, iliyoko upande wa kusini karibu na Stockton, amechukua Washington. Wakati huo hakuwa na jina la ukoo kwa maana tunayoijua leo. Aliitwa William, na ili asichanganywe na akina William wengine, ambao walikuwa wengi mno baada ya Wanormani kuja, aliongezewa mahali anapomiliki. Alipohama, jina nalo likahama. William de Hertburn akawa William de Wessyngton. Lau askofu asingekubali mabadilishano yale, pengine leo tungesikia kwenye taarifa ya habari kwamba viongozi wamekutana Hertburn kujadili bei ya mafuta.

Kwa watu wa pwani jambo hili si la ajabu. Sisi tuna nisba za mahali: Shirazi, Hadhrami, Barawi. Kile kiungo *de* cha Kifaransa cha Wanormani kilifanya kazi ileile, kisha kwa vizazi kadhaa kikadondoka, likabaki jina tupu. Wakati huohuo kilichokuwa maelezo ya mtu mmoja kikawa urithi wa watoto wake hata wale ambao hawakuwahi kuishi pale. Kwa wenye ardhi hatua hiyo ilikuja mapema. Kwa wakulima wa kawaida ilichukua muda zaidi, na moja ya mambo yanayotusaidia kuifuatilia ni kodi ya kichwa ya miaka ya 1377, 1379 na 1381, ambayo iliwalazimu makarani kuorodhesha watu mmoja mmoja. Baada ya hapo, mwaka 1538, kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na mtu mwenye majina mawili tofauti akaanza kuwa usumbufu kwa mwandishi. Naona hata karani wa pasipoti wa binti yako ni wa ukoo huo wa waandishi.

Kuhusu swali la tatu nitasema sehemu tu, wengine waongeze. Hata ndani ya Uingereza kuna Washington nyingine huko Sussex, kusini kabisa, na kuna Wessington katika jimbo la Derbyshire. Kila kijiji kati ya hivyo kingeweza kumpa jina mtu yeyote aliyetoka hapo kwenda kutafuta kazi mahali pengine, kwa kuwa mhamiaji ndiye anayeitwa kwa jina la alikotoka. Anayebaki kijijini haitwi hivyo, maana wote ni wa hapo. Kwa sababu hiyo peke yake, kufanana kwa jina hakutoshi kuwa ushahidi wa damu moja.

Kijana wa Ilala

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa darsa. Nina la kuongeza na la kuuliza. Nimewahi kuambiwa na mtu aliyesoma nje kwamba bendera ya Marekani, zile nyota na mistari, imechukuliwa kutoka kwenye nembo ya ukoo wa Washington wa Uingereza. Je, hilo ni kweli? Na la pili, huyu rais alitokaje kwenye kijiji cha askofu mpaka Virginia? Kati ya mwaka 1183 na kuzaliwa kwake mwaka 1732 kuna miaka 549, na mtu hawezi kuiruka hivihivi.

Mkutubi, Unguja

Ndugu wa Ilala, umeuliza vizuri, na miaka hiyo haikurukwa. Ina makaratasi ya kutosha, ingawa mtu inambidi awe mvumilivu, kwa kuwa ukoo huu ulipenda sana kurudia majina. Akina Lawrence Washington peke yao wanatosha kumtia mtu kizunguzungu.

Kule Durham tawi la wakubwa lilibaki na kijiji mpaka mwishoni mwa karne ya 14, likaishia kwa mrithi wa kike, na ardhi ikahamia kwa ukoo wa mumewe. Jina halikufa. Mwanaume mmoja wa ukoo huo, John Wessington, aliingia utawa akawa mkuu wa watawa wa kanisa kuu la Durham tangu 1416 hadi 1446, na leo katika ukumbi wa nje wa kanisa hilo kuna kibao kinachomkumbuka kama mtu ambaye ukoo wake ulipata jina la kudumu katika nchi asizozijua. Tawi la wadogo lilikuwa limekwisha kuvuka milima kwenda Lancashire, upande wa magharibi, na katika kijiji cha Warton nembo yao ilichongwa kwenye mnara wa kanisa.

Kutoka Lancashire akatokea Lawrence, ambaye alishuka kusini hadi Northampton, akafanya biashara ya sufu na kufikia kuwa meya wa mji mwaka 1532. Bahati yake ililetwa na Mfalme Henry VIII. Mfalme alipovunja nyumba za watawa na kujitwalia ardhi zao, aliziuza kwa wenye fedha taslimu, na mwaka 1539 Lawrence alinunua kijiji cha Sulgrave, kilichokuwa mali ya watawa, kwa pauni 324, shilingi 14 na peni 10. Napenda kuitaja bei hiyo hadi peni ya mwisho, kwa sababu inaonyesha tofauti kati yake na babu yake William. William alipata ardhi kwa kubadilishana na kwa ahadi ya kwenda kuwinda na mbwa wake. Lawrence alihesabu sarafu mezani. Nyumba aliyoijenga Sulgrave bado ipo, na tangu 1921 imefunguliwa kwa wageni kama kumbukumbu ya amani kati ya Uingereza na Marekani.

Vizazi vichache baadaye utajiri ulikuwa umenywea. Lawrence mwingine alisoma Oxford, akawa kasisi wa parokia ya Purleigh huko Essex mwaka 1633. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kati ya Mfalme Charles na Bunge, makasisi walioonekana kuwa upande wa mfalme waliondolewa, naye akaondolewa mwaka 1643 kwa shutuma ya kushinda katika vilabu vya pombe. Kama shutuma ilikuwa ya kweli au ya kisiasa ni mjadala. Majirani zake wapo waliomtetea. Lililo wazi ni kwamba alihamishiwa parokia yenye mapato duni, na mwanawe wa kwanza, John, hakuwa na cha kurithi.

John akaingia baharini. Alikuwa msaidizi wa nahodha katika jahazi la biashara ya tumbaku lililoitwa Sea Horse, ambalo lilikwama kwenye mto Potomac mwanzoni mwa mwaka 1657. Wakati chombo kikinasuliwa na kukarabatiwa, John alifahamiana na mwenye ardhi mmoja aliyeitwa Nathaniel Pope, akambembeleza nahodha amwache, akamwoa Anne, binti wa Pope, na mkwewe akawapa ekari 700. John akamzaa Lawrence, Lawrence akamzaa Augustine, na Augustine akamzaa George. Ukoo ambao ulipata jina kwa kuhama mto mmoja wa Durham ulianza upya kwa kukwama kwenye mto mwingine.

Kuhusu bendera, nembo yenyewe ni ya kweli: ngao nyeupe yenye mistari miwili myekundu ya kulala, na juu yake nyota tatu nyekundu. Imo hata kwenye kioo cha rangi cha zama za kati katika kanisa la Selby, Yorkshire, na George mwenyewe aliitumia kwenye vitabu vyake na vyombo vyake vya fedha. Lakini hakuna hati yoyote ya mwaka 1777, mwaka ambao Baraza la makoloni lilipitisha bendera ya nyota na mistari, inayosema kwamba nembo ya jemadari wao ndiyo ilikuwa kielelezo. Simulizi hiyo ilishika kasi karne nzima baadaye. Bendera iliyotokana na nembo hiyo kwa hakika ni ile ya jiji la Washington lenyewe, iliyopitishwa mwaka 1938. Ukiiona utatambua mara moja: ni ngao ya akina Wessyngton iliyonyooshwa ikawa kitambaa.

Niongeze jambo moja linalonifurahisha. Mwenye mamlaka ya nembo huko London, Sir Isaac Heard, alimwandikia George Washington akiwa tayari rais, akimwuliza habari za mababu zake. Rais alimjibu mwezi Mei 1792 kwa adabu kwamba ni jambo ambalo alikuwa amelitilia maanani kidogo sana, akamtumia machache aliyoyajua kuanzia kwa babu mzaa babu aliyekuja Virginia. Kijiji cha Durham hakukitaja.

Mama Zuhura, Maryland

Nawasalimu nyote. Mimi naishi huku kwa mwaka wa 19 sasa, nusu saa kutoka mji huo mkuu, na kazini ninao wenzangu wawili wanaoitwa Washington. Wote wawili ni watu weusi. Hilo si tukio la bahati nasibu. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina hilo la ukoo, na asilimia 90 kati yao walijitambulisha kuwa Wamarekani weusi. Kwa hiyo, Baba Achieng, mtu akisikia jina la Bi. Washington huku Marekani, hamfikirii kabisa mtoto wa kasisi wa Essex. Anamfikiria Mmarekani mweusi, mtu kama Denzel Washington, yule mwigizaji wa filamu.

Maelezo ambayo wengi huyatoa haraka ni kwamba hao ni wajukuu wa watumwa wa George Washington. Nawaomba tusikimbilie hapo. Alipofariki Desemba 1799, shambani kwake Mount Vernon palikuwa na watumwa 317, na kati yao 123 ndio waliokuwa mali yake mwenyewe aliyoweza kuiacha huru kwa wasia. Wengi wa waliobaki walikuwa wa mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe Martha. Na hao walioachwa huru hawakuwa wote wakisubiri kupewa jina la bwana wao. Mtumishi wake wa karibu, aliyepanda farasi ubavuni mwake vita vyote, aliitwa William Lee, kwa jina la nyumba alikonunuliwa. Watumwa walikuwa na majina yao ya ukoo waliyoyatumia wenyewe kwa wenyewe, hata pale ambapo daftari la bwana liliandika jina moja tu, kama vile linavyoandikwa jina la farasi.

Umati wa akina Washington ulikuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, wakati mamilioni ya watu walipotoka utumwani na kuhitaji jina la pili kwa ajili ya mkataba wa kazi, shule, ndoa na kura. Wapo waliochukua jina la bwana wa zamani kwa sababu ndilo lililowawezesha kutafutana na ndugu waliouzwa mbali. Wapo waliolikataa kabisa jina la bwana na kuchagua jingine waliloliona kuwa na heshima.

Mfano unaojulikana zaidi ni Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856 na baadaye akaanzisha chuo cha Tuskegee. Ameeleza mwenyewe katika tawasifu yake kwamba siku ya kwanza darasani aliwasikia watoto wenzake wakijibu kwa majina mawili, wengine hata matatu, naye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipokuwa inakaribia, alikwisha kuamua. Mwalimu alipomwuliza anaitwa nani, akajibu kwa utulivu kabisa, Booker Washington, kana kwamba ameitwa hivyo maisha yake yote. Baba yake wa kambo aliitwa Washington kwa jina la kwanza, Washington Ferguson. Baadaye mama yake akamwambia kwamba alipozaliwa alimpa pia jina la Taliaferro, naye akalirudisha katikati. Kwa hiyo hapo jina la kwanza la mume wa mama liligeuka kuwa jina la ukoo la mtoto, jambo ambalo linafanana mno na pasipoti ya Achieng.

Na yupo mmoja ambaye kweli alitoka Mount Vernon, nami ndiye ninayempenda kuliko wote. Aliitwa Harry Washington. Alizaliwa karibu na mto Gambia, akavushwa bahari akiwa kijana, akanunuliwa na George Washington mwaka 1763. Mwaka 1776, bwana wake akiwa anaongoza jeshi la kudai uhuru, Harry alitoroka akajiunga na jeshi la Waingereza, waliokuwa wameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Vita vilipoisha, Waingereza waliandika mjini New York daftari la watu weusi wapatao 3,000 waliokuwa wakiondoka nao mwaka 1783. Harry yumo, mwenye umri wa miaka 43, na maelezo kwamba alikuwa mali ya Jenerali Washington na kwamba alimwacha miaka saba iliyopita. Akaenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka tena bahari hadi Freetown, Sierra Leone.

Mwalimu ametusimulia juu ya William aliyekubali kulipa pauni 4 kwa askofu. Huko Freetown kampuni iliyotawala koloni iliwatoza walowezi weusi kodi ya ardhi ambayo wao walisema hawakuahidiwa, na mwaka 1800 baadhi yao wakaasi. Harry Washington alikuwa miongoni mwao, akahukumiwa na kufukuzwa akaishi ng'ambo ya pili ya maji. George mwenyewe, kwa upande wake, hakuacha mtoto wa kumzaa. Mount Vernon ilirithiwa na Bushrod, mtoto wa kaka... nisahihishe, mtoto wa mdogo wake. Kama jina limeenea duniani, halikuenezwa na nyumba yake.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mama Zuhura, umenifundisha leo. Habari za Harry sikuwa nazo, na nimeziandika pembeni mwa daftari langu.

Baba Achieng, kama binti anaweza kwenda, kuna nyumba ya kale pale Washington, karibu na kanisa, iitwayo Old Hall, kwenye kiwanja ambacho akina Wessyngton waliishi. Asitegemee kuona kasri la William. Nyumba ya sasa kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 17, ilijengwa upya baada ya kijiji kurudi mikononi mwa askofu mwaka 1613. Katika karne ya 19 iligawanywa vyumba vya kupangisha, familia juu ya familia, na katika miaka ya 1930 ilitangazwa kuwa haifai kukaliwa na binadamu, ikabakia kidogo ivunjwe. Watu wa hapo wakaunda kamati wakaiokoa. Aangalie matao mawili ya mawe kati ya jiko na ukumbi mkuu, kwa kuwa hayo yamebaki kutoka kwenye nyumba ya kwanza. Mwezi Mei 1977 Rais Jimmy Carter alifika kijijini akapanda mti, na kila tarehe 4 Julai hufanyika sherehe hapo, jambo la kuchekesha kidogo ukikumbuka kwamba siku hiyo Wamarekani husherehekea kuachana na Uingereza.

Baba Achieng, Changamwe

Nimechelewa kurudi, niwieni radhi. Nimeyasoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya kaka yangu, ambaye amekubali kuhusu madobi lakini anadai kwamba yeye alikuwa akitania tangu mwanzo.

Sasa naelewa lile lililonitatiza. Baba yangu alipewa Washington kama jina la kwanza, kwa kumheshimu mtu. Mtu huyo alilipata kama jina la ukoo. Ukoo ulilipata kwa kijiji, na kijiji kwa Wassa. Kisha kwa mkono wa karani limerudi kuwa jina la ukoo kwa mjukuu. Hata marehemu Profesa Washington Okumu, yule aliyesaidia kuwapatanisha viongozi wa Afrika Kusini siku chache kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994, alikuwa na jina hilo mbele, na la kwao nyuma. Kwetu ndivyo lilivyokaa.

Achieng alikwenda Jumamosi kwa basi lilelile. Ameniletea picha ya matao ya Mwalimu. Ni mawe ya kijivu, yamechakaa kwenye kingo, na upana wake mtu na mzigo wake wanapita bila shida. Mlangoni kulikuwa na daftari la wageni lenye safu mbili, moja ya jina na moja ya unakotoka. Aliandika Achieng Washington, na safu ya pili akaandika Changamwe. Mama aliyekuwa zamu akasoma, akainua miwani, akasoma tena, kisha akamwuliza kama angependa chai, na wakaongea mpaka saa ya kufunga.

Nimemwuliza kama bado anataka tuishughulikie ile hati ya kiapo. Amesema atanijibu baada ya mitihani.